Siku Mbili za Mwalimu Moropant

Wai, siku ya tatu ya mwezi unaopungua, mwezi wa Kartik

Mwanangu Yamuna,

Usishtuke kwa mwandiko huu uliopinda. Mkono ni wangu bado, ila umechoka kunitii. Mkwe wangu Kusum alitaka niahirishe. "Baba, utaandika kesho. Leo umekohoa mpaka jirani amekuja kuuliza." Nikamwambia kesho hakuna saa njema ya kuandika barua. Akacheka: "Hiyo saa mbaya umeitunga sasa hivi, wala kwenye kalenda haipo." Ni kweli nimeitunga. Lakini daktari wa Satara amesikiliza mapafu yangu, akakunja vifaa vyake bila kunikaripia juu ya tumbaku. Daktari akiacha kukukaripia, mwanangu, ujue amekwisha kukupigia hesabu.

Kwanza nakushukuru kwa vitamutamu vya Diwali. Miaka yote hii hujawahi kunisahau, nami kila mwaka nimekujibu kwa kukutumia kalenda mpya ambayo nyumba yetu huitengeneza, nikiizungushia wino mwekundu siku ya sita ya mwezi unaokua wa Margashirsha, siku ya tambiko la marehemu baba yako, mwalimu wangu Moropant.

Yamuna, siku hiyo si yake. Siku yake ni ya saba.

Wewe ni mtu wa hesabu, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Unajua siku zetu hatuzipimi kwa jua peke yake. Kila mara mwezi unapoliacha jua nyuma kwa digrii kumi na mbili za duara, siku moja ya mwezi imekwisha na nyingine imeanza, iwe alfajiri, iwe adhuhuri watu wakila. Na marehemu hupewa tambiko katika siku ya mwezi iliyokuwapo alipokata roho. Baba yako alifariki saa kumi jioni. Majedwali ya zamani yalisema siku ya sita ingeendelea hadi saa moja usiku. Mwezi wenyewe, angani, ulikuwa umekwisha kuimaliza tangu saa nane na nusu mchana. Kosa likatokea.

Zimebaki siku kumi na saba. Mwaka huu weka tonge la wali na maji ya ufuta siku ya saba, tafadhali. Ni hilo tu ninalokuomba. Kwa mambo mengine yote nina shukrani tupu: baba yako alinifundisha bila ada, na mama yako alinilisha mikate ya mtama ambayo mpaka leo sijui alinikatia kwenye fungu la nani.

Wako,
Narhari Ghaisas

*

Nashik, 26 Novemba 1994

Amu Narhari,

Shikamoo, na pole kwa kifua.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na penseli. Umeandika "kosa likatokea", kama mtu anavyosema mvua ikanyesha. Nimewafundisha hesabu wasichana wa mji huu miaka thelathini na nne. Mwanafunzi akiniandikia "jibu lilikosewa", nilikuwa namuuliza: na nani?

Kwa hiyo nakuuliza.

Majedwali ya zamani nayafahamu. Nimekua nikiyasikia yakitukanwa kila jioni barazani kwetu. Baba alikuwa akisema yamerithiwa mpaka yamechakaa, kwamba mwezi umekwisha kuyakimbia kwa masaa na watengeneza kalenda bado wanafunga ndoa za watu kwa mwezi ambao haupo. Na aliyekuwa amekaa mbele yake, akiitikia "ndiyo, Mwalimu," huku mdomo umejaa mkate wa mama yangu, ni wewe! Hesabu mpya ulikuwa unaijua. Pengine Wai nzima mlikuwa wawili tu mnaoijua, na mmoja ndiye aliyelala maiti. Sasa niambie: uligundua lini?

Jana nilikwenda kwa kuhani, Guruji Dhondshastri, kumwambia nabadilisha siku. Unajua huyu mzee alivyosumbua tangu mwanzo. "Mtoto wa kike kutoa tonge la baba? Hakuna hata binamu wa kiume?" Nilimjibu binamu yupo Bombay na hajui hata jina la babu yake. Ilimchukua miaka mitano kunizoea. Jana amevua miwani akanitazama.

"Yamunabai, unaniambia tumemwita marehemu miaka arobaini siku ambayo hakualikwa?"

"Ndivyo ninavyoambiwa, Guruji."

"Lakini kunguru, anayepokea tonge kwa niaba ya marehemu, alikuwa anakuja! Kila mwaka anakuja, anakula. Wewe mwenyewe umemwona."

"Guruji, kunguru hasomi kalenda. Akiona wali anakula."

Akasema maneno ambayo hayajanitoka: "Basi kama kunguru alikula kwa njaa yake tu, baba yako amekula nini?"

Ndilo swali langu, Amu. Mimi si mtu wa kuamini kila kitu. Lakini mara arobaini nimeamka alfajiri, nimefunga, nimepika wali kwa mikono hii, nikisema moyoni, kula, Baba. Na kila mwaka duara lako jekundu ndilo lililoniita. Nijibu bila kunibembeleza. Baba yangu amekaa na njaa miaka arobaini?

Yamuna

*

Wai, siku ya kumi na moja ya mwezi unaopungua, Kartik

Mwanangu Yamuna,

Swali lako limenifikia jana. Kusum alinisomea, maana macho yalikuwa na maji. Alipofika kwenye mdomo uliojaa mkate alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Umeuliza niligundua lini. Niligundua jioni ileile, wewe ukiwa bado umesimama mlangoni kwetu.

Unakumbuka ulivyokuja? Mama yako alikutuma uulize siku, na msichana wa miaka kumi na tisa hukupaswa kutumwa kazi hiyo, ila hapakuwa na mwingine. Marehemu baba yangu alikuwa ameketi na majedwali ya babu yake magotini. Hakukukaribisha ndani. Akauliza saa ngapi, ukasema saa kumi, kengele ya shule ilikuwa inalia. Akapitisha kidole kwenye jedwali, akaniambia, "Narhari, mwandikie. Ya sita."

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili. Juma lile nilikuwa nimeupima mwezi kila alasiri kwa chombo cha shaba cha baba yako, maana yeye alikuwa hawezi tena kupanda juu ya paa la shule. Mwezi mchanga huonekana mchana, kama unajua pa kuutafuta. Baba yako alikuwa amelala kitandani na mimi nikimpelekea namba za vipimo, naye akizisahihisha huku macho kayafumba. Kwa hiyo nilijua siku ya sita ilikwisha saa nane na nusu. Yeye mwenyewe alikuwa amenikadiria saa hiyo siku moja kabla. Mwanangu, hesabu ya mwisho aliyoifanya baba yako duniani ilikuwa ni ya siku yake mwenyewe, bila kujua.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikasema, "Baba, huenda ni ya saba." Baba yangu hakuinua macho. Akasema polepole, "Huyo mtu alisimama ukumbini mwa hekalu akaniita mwuza mwezi mkuukuu mbele ya mji mzima. Leo amekufa, na binti yake amekuja kwangu, si kwa mwingine. Nimempa siku ileile ambayo ningempa ndugu yangu. Unataka nimpe nini zaidi?"

Nami sitaki umchukie. Hakuwa analipiza kisasi. Aliamini. Alikuwa anampa adui yake kitu chema kuliko vyote alivyokuwa navyo. Aliyejua ni mimi. Niliandika "ya sita" kwa mwandiko mzuri, nikakukabidhi karatasi, ukaniambia asante. Asante hiyo nimeishi nayo.

Baba alipofariki miaka minane baadaye, nikageuza kalenda yote, nikaifuatisha mwezi wa kweli kwa njia ya baba yako. Watu wakanisifu. Wakasema kalenda ya Ghaisas haikosei hata dakika. Ningeweza kukuandikia wakati huo. Lakini ningekuambia nini? Kwamba nilimnyima mwalimu wangu mwezi wake mwenyewe, nikaja kula kwa hesabu yake? Nikaona haya. Haya ikishapita mwaka mmoja inaota mizizi. Ndoa za wageni zote nilizipa saa ya kweli. Wewe nikaendelea kukuzungushia wino siku ya uongo.

Sasa nijibu lile swali lako kubwa.

Hapana. Hajakaa na njaa.

Mwaka wa kwanza, siku ya saba ilipofika, sikuweza kukaa nyumbani. Nikachukua wali kwenye jani, ufuta mweusi na chombo cha maji, nikashuka ngazi za mto Krishna mpaka ile ya mwisho iliyo majini. Mtu anaruhusiwa kumwagia maji mwalimu wake, hilo liko wazi katika vitabu, huhitaji kuwa mwana. Nikataja jina lake na la baba yake na la babu yake. Nikamwambia, Mwalimu, ya jana ni ya binti yako, ameiweka kwa moyo, mimi ndiye niliyemdanganya. Leo ndiyo yako. Kula.

Nimefanya hivyo mara arobaini. Mwaka wa mafuriko nilifanya nikiwa majini hadi magotini. Mwaka niliovunjika mguu nilishuka kwa makalio, ngazi moja moja, na wafua nguo wakinicheka: "Mzee Ghaisas, leo umegeuka mtoto?" Mke wangu, Mungu amrehemu, alidhani nina nadhiri. Kusum anadhani mpaka leo.

Mwaka huu siwezi. Kutoka kitandani hadi mlangoni napumzika mara mbili. Ndiyo maana nimekuandikia. Wala usidhani niliandika ili nife mwepesi. Haya hii ningeweza kufa nayo, nimeishi nayo vya kutosha. Nimeandika kwa sababu hakuna mwingine anayeijua siku hiyo, na nikinyamaza mwaka huu hakuna atakayeshuka.

Sikuombi msamaha. Naomba umchukue baba yako mikononi mwangu.

Narhari

*

Nashik, 3 Desemba 1994

Amu,

Nilikuwa nimekwisha kuandika barua nyingine kabla ya hii, kali, kurasa nne. Nimeichana. Si kwamba hasira imekwisha. Ni kwamba nilipofika mahali ulipoandika "saa kumi, kengele ya shule ilikuwa inalia", kalamu yangu iligoma.

Nitakuambia jambo ambalo mama yangu alikufa bila kulijua.

Siku ile mama alikwenda sokoni baada ya chakula cha mchana, akaniachia mgonjwa. "Usimwache hata kidogo, Yamuna. Akikohoa mwinue." Ilikuwa saa sita. Baba alikuwa amelala, anapumua vizuri. Kisha mwuza bangili akapita, akaingia ua wa jirani, nikasikia wasichana wanacheka. Nikasema nitakwenda dakika tano. Unajua kazi ya bangili za kioo: unakamuliwa mkono, moja inavunjika, unaanza upya. Nilichagua za kijani. Kisha tukaanza kuimba. Kengele ya shule ilipogonga kumi ndipo nilipokumbuka nina baba.

Nilikimbia. Nikamshika mkono, Amu, na ulikuwa umekwisha kupoa.

Mama aliporudi aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulikuwa naye?" Nikasema nilikuwa naye, amekata roho sasa hivi, mikononi mwangu, kengele ikilia. Mama akakaa chini, akasema, "Ahsante Mungu, hakuwa peke yake." Maneno hayo yalimtunza miaka kumi na saba ya ujane wake. Aliwasimulia majirani, akawasimulia hata wakwe zangu. Ningemnyang'anya vipi?

Na ile jioni mlangoni kwenu nilimwambia baba yako saa kumi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwambia mama saa kumi.

Kwa hiyo sasa shika penseli wewe. Baba alifariki wakati wowote kati ya saa sita na saa kumi. Siku ya sita ilikwisha saa nane na nusu. Mkono wake ulikuwa baridi. Ukinilazimisha nikisie kama mwalimu wa hesabu, nitasema siku ya sita, ile uliyoniandikia ukijua ni ya uongo, ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi. Lakini sijui. Sitajua kamwe, wala wewe na chombo chako cha shaba hutajua.

Nimekaa nayo siku mbili. Mwanzoni nililia. Halafu nikaanza kucheka peke yangu jikoni mpaka msichana wa kazi akaja kuniangalia. Baba aliyewapigia kelele watengeneza kalenda wote kwa ajili ya dakika, saa yake mwenyewe ikapotea kwa sababu ya bangili! Na tazama tulivyofanya. Mimi kwa uongo wangu nimeshika siku moja, wewe kwa uongo wako umeshika ya pili, na katikati yetu hakuna ufa. Iwe alikufa saa saba, iwe alikufa saa tisa, kuna mtu aliyemwita kwa jina siku hiyo na kumpa wali. Kila mwaka. Kama tungekuwa waaminifu wote wawili tungekuwa na siku moja, na pengine isingekuwa yenyewe.

Sisemi tulifanya vizuri. Lakini nilipofika hapo hasira ilikosa pa kukaa, na kilichoingia mahali pake ni shukrani. Ulishuka ngazi zile kwa makalio, Amu. Kwa ajili ya baba yangu.

Nilimsimulia Guruji Dhondshastri kila kitu, hata bangili. Nilitegemea anifukuze. Akakuna kichwa akasema, "Nimetambikia watu wenye watoto wanane wa kiume, na hakuna aliyeweza kuwapata wawili wa kufunga kwa ajili yake. Huyo baba yako alikuwa nani?"

Nikasema alikuwa mwalimu.

Kusum aniambie kama kuna kitanda. Nataka kuja kabla ya siku ya sita. Nataka zote mbili nizifanyie hapo mtoni, kama utanionyesha ni ngazi ipi.

Wako,
Yamuna

*

SIMU YA MAANDISHI. WAI, 6 DESEMBA 1994

KITANDA KIPO. NJOO LEO. CHUKUA SHALI NZITO. NITABEBWA KWA KITI. NARHARI

*

Wai, siku ya kumi na mbili ya mwezi unaokua, Margashirsha

Mwanangu Yamuna,

Kusum ndiye anayeandika, mimi nasema. Amekataa kuandika kila ninachosema kumhusu yeye, kwa hiyo hutasoma hapa kwamba wali wake ulikuwa na chumvi nyingi.

Umefika salama, tumepata habari. Tangu uondoke nyumba ni kimya, na kikohozi kimepata nafasi ya kutamba. Sina maumivu makubwa. Nalala kutwa nikiyapitia yale mambo mawili: wewe ukiwa majini hadi kiunoni siku ya sita, na wewe tena siku ya saba, ulipogeuka ukanipandishia jani la wali pale juu kwenye kiti, ukasema, "Hili la leo tulishike wote." Nimepewa vitu vingi katika maisha haya. Kama hicho, hapana.

Kiwanda cha chapa kimeleta ukurasa wa kwanza wa kalenda ya mwaka ujao. Nimeongeza mstari mmoja: kwamba hesabu zote humu zimefuata njia ya Moropant Vaishampayan, mwalimu wa shule, aliyetutaka tuutazame mwezi. Mwanangu wa kiume, mume wa Kusum, akauliza: "Baba, watu watauliza kwa nini miaka thelathini na mitatu hatukumtaja." Nikamwambia, waambie mzee alikuwa na haya, sasa imemwisha.

Limebaki moja. Kusum amekuwa akikaa hapa kitandani na saa ya mkononi imegeuzwa juu, anadhani sioni. Anataka asikose dakika. Kumbe anaogopa: atawezaje kuikosea siku ya mtengeneza kalenda? Jana nimemvua ile saa. Nimemwambia, wakati ukifika nishike mkono, saa haina baridi wala joto. Na kama utakuwa jikoni, au mwuza bangili amepita, nenda, mwanangu, chagua za kijani. Mimi sitakuwa peke yangu hata hapo. Sijawahi kuwa na watu wengi kichwani kama siku hizi.

(Hapa mimi Kusum nimesimama kidogo. Sasa naendelea.)

Nimekaa miaka hamsini nikiwapa watu saa. Mabibi harusi nimewaamsha saa kumi za alfajiri, nimewazuia watu kuhamia nyumba zilizokwisha kupakwa chokaa, nimemfanya diwani mmoja asubiri juani na mkasi mkononi mpaka dakika yangu ifike. Sijuti, mwezi ni mwezi na una haki ya kusikilizwa. Lakini kwa upande wangu nimeamua, na nimemwambia mwanangu, na sasa nakuambia wewe, maana nimesikia unataka kunishikia siku moja kwa mwaka huko kwenu Nashik, mtoni Godavari.

Usitafute katika kalenda. Nipe Jumapili yoyote ambayo huna kazi. Amka ukiwa umeshiba usingizi, kunywa chai yako kwanza. Nitakuja.

Narhari